Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa nuru

Usiku wa kiangazi huko Tandahimba, mbali na taa za umeme, Njia Nyeupe hupita karibu na utosi na kutanda toka upeo hadi upeo. Wapigapicha wanaotaka kuinasa yote huiweka kamera juu ya miguu mitatu, wakapiga picha nyingi zinazopandana kingo, kisha wakaziunga ziwe moja. Hawa wote wana deni kwa Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965 Miladia).

Wanahistoria wanasimulia kwamba alidai angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, yasigharikishe mwaka huu na kuadimika mwaka ujao. Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi wa Misri, akamwita Kairo, akampa watu na mali, akamtuma kusini. Njiani aliyaona majengo ya Mafirauni, akatanabahi kwamba watu wenye ustadi ule wasingeliacha jambo hilo lau lingewezekana. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, shaka ikawa yakini. Akarudi na kukiri kuwa ameshindwa.

Kukiri huko hakukuwa jepesi, kwani al-Hakim aliwaua wengi miongoni mwa mawaziri wake. Akapewa kazi serikalini, lakini hofu haikumtoka, akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa, naye akafungiwa nyumbani hadi mtawala huyo alipotoweka mwaka 411 Hijria (1021).

Katika juzuu saba za Kitab al-Manazir alithibitisha kwamba jicho halitoi miale. Nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu na kuliingia jicho. Wapo wanaosema yeye ndiye aliyevumbua kamera. Huko ni kutia chumvi, kwani hakuwa na chochote cha kuihifadhi sura, na habari za tundu na chumba cha giza zilijulikana kabla yake. Alichofanya yeye ni kupima na kueleza. Aliandika risala nzima kuhusu sura ya jua linapopatwa: nuru yake ikipita tunduni huchora mwezi mwandamo ukutani, mradi tundu liwe dogo, likipanuliwa, umbo hilo hupotea. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kusini mwa Tanzania, mapengo ya majani ya mikorosho yalifanya kazi ya tundu hilo, na ardhi ya kivulini ikajaa hilali ndogo ndogo.

Ama Njia Nyeupe, Aristotle alikuwa amefundisha kuwa ni mvuke uwakao angani, chini ya mwezi. Ibn al-Haytham alikataa. Nyoosha kidole, ukitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Utakiona kinahama mbele ya ukuta. Lau Njia Nyeupe ingekuwa karibu, watu wa miji iliyo mbalimbali wangeiona imehama vivyo hivyo mbele ya nyota. Haihami. Kwa hiyo iko mbali mno na dunia.

Baada ya kifungo aliishi jirani na Msikiti wa al-Azhar. Yasemekana kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hisabati na falaki, kikiwemo cha Euclid na Almajisti ya Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, zikamtosha kwa mwaka mzima. Aliendelea hivyo hadi alipofariki Kairo, yapata mwaka 430 Hijria.