Yusuf bin Hasan, mfalme aliyefunzwa vita na adui

Sisi wa Kiirua bahari tunaiona kwa simu tu, lakini ukibahatika kufika Fort Jesus, Mombasa, kabla ya kupiga selfi mkumbuke Yusuf bin Hasan.

Babake alikuwa Sultani, akauawa kwa njama za Wareno. Yusuf, bado mtoto, akapelekwa Goa, India. Huko wakambatiza Jerónimo na kumfunza vita vya baharini. Mwaka wa 1626 wakamrudisha kutawala, wakidhani wamejipatia kibaraka.

Walijidanganya. Agosti 16, 1631, baada ya dharau nyingi, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaiteka. Usifichwe: hata wanawake na watoto waliuawa siku zile.

Mapema 1632 meli za kivita zikaja kutoka Goa, zikashindwa, zikarudi. Lakini Yusuf alijua zitakuja nyingine. Akapanda meli aliyoteka, akawawinda Wareno baharini hadi alipofariki 1638. Mombasa wakaichukua tena.

Jina utakalokuta limechongwa juu ya lango ni la kapteni Mreno wa 1635. La Yusuf libebe wewe.