Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Ndugu msomaji, Mbesa ni mbali na bahari, lakini chungu unakijua. Basi tuanze na chungu.

Mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake alikuwa mkulima, mama yake mfinyanzi. Walikuwa maskini, watu wa asili ya utumwa, na mtoto aliitwa Mtumwa. Hakusoma shule. Alipokua alijitwika vyungu, akaenda kwa miguu kuviuza mjini. Alivinadi kwa kuimba, na sauti yake ilisikika mbali.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa kuimba taarabu, akapata jina jipya la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Wako waliomcheka. Walisema ametoka shamba na nguo duni. Naye aliwajibu kwa wimbo.

Fikiri kidogo. Wakati ule taarabu iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Mchukuzi wa bandarini angeielewaje? Siti aliimba Kiswahili. Jioni, nyumbani kwake Ng'ambo, yeye na wapiga ala wake walizungumza habari za mji, kisha wakazitungia nyimbo.

Wimbo mmoja ni wa Kijiti. Mtu huyu alimwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akatorokea bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliofungwa! Siti aliimba dhuluma hiyo, watu wote wakaijua. Wimbo mwingine ulimsema karani aliyewadhulumu watu wasiojua kusoma. Wewe uliye darasani unaelewa uchungu wake.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli, wakavuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri. Hakuwa na karatasi ya kusoma. Nyimbo zote zilikuwa kichwani mwake. Santuri hizo zilikuwa miongoni mwa za kwanza za nyimbo za Kiswahili. Zilirudi kwa meli, zikapigwa Unguja na pwani yote, hata mikahawani. Aliyekuwa hana gramafoni alisimama nje akasikiliza.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, alikaa naye akamwuliza habari za maisha yake, akaziandika katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Ukikipata, kisome taratibu. Habari za vyungu zimo.