Livingstone na kisanduku chake cha dawa

Wengi wetu tunamjua David Livingstone kama mhubiri na msafiri. Lakini katika Maniema yetu alipita pia kama munganga mgonjwa.

Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland. Akiwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba, akisoma usiku, na mwaka 1840 akapata cheti cha uganga. Mwaka uliofuata alifika Afrika Kusini.

Homa ilimpiga mara nyingi. Akatengeneza kidonge chake mwenyewe: kinini, mizizi ya aina mbili ya kuendesha tumbo, na kalomeli, dawa yenye zebaki. Siku zile waganga wa Ulaya walitoa kalomeli karibu kwa kila ugonjwa. Leo tunajua ni sumu. Kilichopigana na malaria ndani ya kidonge kile ni kinini tu. Nacho kinaponya malaria, hakiponyi homa ya matumbo, ingawa hata hapa Kindu wako wanaokimeza kwa kila joto la mwili. Mary, mke wa Livingstone, alipewa kinini, na bado homa ilimuua huko Shupanga, Aprili 1862.

Januari 1867, akitafuta chanzo cha mto Nili, wabebaji wawili walitoroka na kisanduku cha dawa. Alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Aliendelea na safari.

Septemba 1869 alifika Kabambare. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfunga huko kwa siku 80 hivi. Kinini kisingefaa kitu kwa vidonda vile. Kilichomsaidia ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Munganga wa Glasgow hakuona haya kulijaribu, nami namheshimu kwa hilo.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai aliona watu wa wafanyabiashara wakiua mamia sokoni, wengi wao wanawake. Akarudi Ujiji akiwa mgonjwa sana, na Stanley akamkuta huko, akamletea dawa.

Alipata nguvu, kisha tumbo likaanza tena kutoa damu. Usiku wa kuamkia 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alimwomba Susi kisanduku cha dawa. Akachagua kalomeli, akataka iwekwe karibu naye. Kabla ya alfajiri walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.