Richard Kandt: Daktari wa Kijerumani na kumbukumbu ya Waswahili wa Kigali

Anayepanda kutoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo kupitia Muhima hadi kilima cha Nyarugenge, jijini Kigali, hayuko mbali na nyumba moja ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Aliyeijenga, Dakta Richard Kandt, alifariki dunia zaidi ya karne moja iliyopita, mbali sana na Rwanda. Watu wengi hupita jirani na nyumba hiyo kila siku wakiwahi biashara zao, na ni haki kuuliza: maisha ya Mjerumani huyo yanamfaa nini mtu anayetafuta riziki ya leo?

Kwa Rwanda, swali hilo si la darasani tu. Hii ni nchi ambayo, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ilisitisha kwa miaka kadhaa ufundishaji wa historia yake shuleni, kwa sababu historia iliyokuwa ikifundishwa hapo awali ilikuwa imechangia kuwatenga watu na kuwajaza chuki. Kwa hiyo Wanyarwanda wanajua kuliko wengi kwamba yaliyopita yanaweza kujenga na yanaweza kuua, kutegemea jinsi yanavyosimuliwa. Maisha ya Kandt ni mfano wa kuelewa jambo hilo, na yanawahusu kwa namna ya pekee wasemaji wa Kiswahili wa Kigali.

Kutoka Posen hadi Bagamoyo

Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia na leo uko Poland kwa jina la Poznań. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na jina alilozaliwa nalo lilikuwa Kantorowicz. La Kandt alilichukua ukubwani. Alisomea udaktari, akabobea katika magonjwa ya akili, na kwa muda alihudumia wagonjwa katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani.

Huko ndiko angeweza kumalizia maisha yake, lakini alivutiwa na suala lililowashughulisha wanajiografia wa Ulaya kwa miaka mingi: mto Nile unaanzia wapi hasa? Mwingereza John Hanning Speke alikuwa ameonyesha kwamba mto huo unatoka katika ziwa ambalo Waingereza waliliita Victoria. Baadaye Oscar Baumann kutoka Austria aliitazama mito inayoingia ziwani humo, akasema kwamba chimbuko la mbali zaidi ni mto Ruvubu wa Burundi. Kandt hakuridhika. Mwaka 1897 alifika pwani ya Afrika Mashariki kwa gharama zake mwenyewe, na akaanza safari ya bara kutoka Bagamoyo.

Msafara haukuwa wa mtu mmoja. Mzungu aliyetaka kwenda bara wakati huo alihitaji wapagazi wa kubeba mahema, vyakula, dawa na shanga na vitambaa vya kubadilishana. Alihitaji wapishi, wakalimani, walinzi na wanyapara waliozijua njia. Watu hao walitoka pwani, Unyamwezi na kwingineko, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Vitabu vya jiografia vilimtaja mwenye msafara. Waliobeba mizigo yake kichwani na mabegani kwa miezi mingi hawakutajwa, au walitajwa kwa ufupi tu.

Mfalme ambaye hakuwa mfalme

Mwaka 1898 Kandt aliingia Rwanda na kufika katika kasri ya mfalme huko Mukingo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye misukosuko. Mfalme Kigeli Rwabugiri alikuwa amefariki mwaka 1895, na mrithi wake, Rutarindwa, alipinduliwa na kufa huko Rucunshu mwaka 1896. Aliyetawazwa baada yake, Yuhi Musinga, alikuwa bado kijana mdogo, na madaraka yalikuwa mikononi mwa mama yake Kanjogera na ndugu zake.

Wakuu wa kasri hawakuona busara kumweka mfalme kijana mbele ya mgeni wasiyemjua nia. Walimtokeza mtu mzima aitwaye Mpamarugamba, akaketi mahali pa mfalme. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa ametokezwa mwaka 1897 mbele ya Kapteni Ramsay, aliyeiletea Rwanda bendera ya Ujerumani. Kwa hiyo wageni waliokuja kuipima nchi walikuwa wenyewe wanapimwa, bila wao kufahamu.

Kisa hicho kina funzo. Anayesoma historia ya ukoloni kupitia maandishi ya wakoloni peke yake huona Waafrika wanaotazamwa na kuandikwa. Akizisikiliza na simulizi za upande wa pili, huona watu wenye mipango, hofu na ujanja wao.

Kandt aliendelea na uchunguzi wake. Alifuata mto Nyabarongo kuelekea juu hadi Mwogo, kisha Rukarara, na mwezi Agosti 1898 alifika kwenye chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Alitangaza kwamba hapo ndipo chimbuko la Nile. Wakazi wa maeneo hayo, bila shaka, walikuwa wakinywa maji ya Rukarara na kuuita mto huo kwa jina lake vizazi vingi kabla yake. Alichogundua Kandt ni namna ya kuuunganisha mto huo na ramani ya dunia.

Baada ya hapo aliweka makazi Shangi, karibu na ziwa Kivu, akachora ramani za ziwa hilo na kukusanya mimea na wanyama. Kima mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ambaye leo watalii humfuata kwenye milima ya volkano ya kaskazini mwa Rwanda, ana jina la kisayansi linalotokana na la Kandt. Mwaka 1904 alichapisha nchini Ujerumani kitabu cha safari zake, Caput Nili.

Mji juu ya kilima cha Nyarugenge

Serikali ya Ujerumani ilimteua Kandt mwaka 1907 kuwa Residenti, yaani mwakilishi wake mkuu nchini Rwanda. Hakutaka kuweka makao yake Nyanza, kwenye kasri ya mfalme. Alichagua Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi, mahali pa kukutania njia. Hapo pakawa chanzo cha mji wa Kigali, ingawa si sahihi kudhani kwamba alikuta pori tupu. Vilima hivyo vilikuwa na wakazi wake, na mlima Kigali ulikuwa na jina hilo kabla Mjerumani yeyote hajauona.

Wazungu wa serikali walikuwa wachache mno. Utawala wao ulitegemea mamlaka ya mfalme na machifu kwa upande mmoja, na askari, makarani na wakalimani kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kwa upande mwingine. Wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka, na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi, ya kambi na ya soko. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti wa Al-Fatah huko Nyamirambo. Kwa hiyo wasemaji wa Kiswahili walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa mji huu.

Lakini utawala huo ulikuwa na upande wa kiza. Kuitawala nchi kupitia kasri kulimaanisha kuitetea kasri kwa bunduki. Mwaka 1912, uasi wa Ndungutse kaskazini mwa nchi ulizimwa na majeshi ya Kijerumani chini ya Luteni Gudowius, na watu wengi waliadhibiwa vikali. Tena Kandt, kama Wazungu wengi wa zama zake, aliwaandika Wanyarwanda kana kwamba ni jamii za damu mbalimbali, Watutsi wakiwa watawala waliotoka mbali na Wahutu wakiwa watawaliwa. Fikra hiyo haikuanza naye wala haikufa naye. Wabelgiji waliifanya kuwa sheria walipoandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na wanasiasa waliokuja baadaye waliigeuza kuwa silaha. Mwaka 1994 kitambulisho kiliweza kuamua nani aishi na nani auawe.

Mwisho wa safari

Kabla ya kuanza kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kandt alikwenda likizo Ujerumani, na vita vikamfungia njia ya kurudi. Alitumikia jeshi akiwa daktari, akadhurika kwa gesi ya sumu, na tarehe 29 Aprili 1918 alifariki katika hospitali ya kijeshi mjini Nuremberg akiwa na umri wa miaka 50. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuiteka Kigali tangu Mei 1916.

Watu aliowaacha Kigali waliendelea kuishi, lakini hali yao ilibadilika. Chini ya Wabelgiji, Waislamu na Waswahili wa Kigali walitengewa mahali pa kukaa, na eneo la Biryogo likajulikana kama Kambi ya Waswahili. Watu walioshiriki kuuanzisha mji wakawa wanahesabiwa kuwa wageni ndani yake. Ndiyo sababu hatua ya mwaka 2017, ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, ilipokelewa na wengi wao kama jambo lililozidi manufaa ya biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo nyumba ya Kandt ilifunguliwa upya ikiwa makumbusho ya kipindi cha ukoloni wa Kijerumani.

Basi, kuyajua yaliyopita kunafaa nini? Kijana wa Muhima au Biryogo anayeambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya wapita njia anaweza kujibu kwa tarehe na kwa majengo. Anayeambiwa kwamba jirani yake ni mtu wa damu nyingine anaweza kujua maneno hayo yalianza kuandikwa lini, na nani, na yaliishia wapi. Asiyejua hayo hana budi kumwamini yeyote anayesema kwa sauti kubwa zaidi.

Iko kazi moja ambayo makumbusho peke yake hayawezi kuifanya. Kandt aliacha kitabu, ramani na nyumba. Wapagazi, askari na wachuuzi waliokuja kutoka pwani, Tabora na Ujiji hawakuacha maandishi. Waliacha wajukuu na vitukuu. Mengi ya yanayojulikana juu yao yamo vifuani mwa wazee wa Kigali, ambao kila mwaka wanazidi kupungua. Familia ambayo bado ina babu au bibi wa kuulizwa walitoka wapi, kwa njia gani na kwa kazi gani, ina sehemu ya historia ya mji huu ambayo Kandt hakuiandika. Majibu hayo yakiandikwa leo, watakaokuja hawatalazimika kuijua Kigali kwa macho ya mgeni mmoja tu.