Padre Stefano Kaoze, Mchunguzi wa Roho ya Watu Wake

Sisi walimu wa Likasi pamoja na wenzetu wa Katanga yote ya zamani, yafaa tulijue vema jina la Stefano Kaoze.

Alizaliwa yapata mwaka 1886 kati ya Watabwa, katika milima ya Marungu, magharibi ya ziwa Tanganyika. Siku zile nchi hiyo ilikuwa imeteswa sana na biashara ya watumwa. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Mpala mwaka 1885, na kwao kijana Kaoze alipata ubatizo na masomo.

Askofu Victor Roelens alitaka vijana wa nchi wasomee upadre. Wazungu wengi walicheka shauri hilo. Walidhani ya kuwa mtu mweusi aweza kujifunza kazi ya mikono na kukariri sala, lakini hawezi kufikiri mambo ya ndani. Kaoze hakubishana nao kwa makelele, bali alisoma. Alijifunza Kilatini na Kifaransa, kisha filosofia. Na ndani ya filosofia ya seminari ilikuwamo saikolojia, yaani elimu ya roho ya mtu: akili yake, utashi wake, kumbukumbu yake na tamaa zake.

Elimu hiyo ilitoka mbali, nayo ilifundishwa kwa mifano ya watu wa mbali. Kaoze aliichukua akaielekeza kwa watu wa kwao. Akiwa angali mseminari, aliandika kwa Kifaransa makala juu ya saikolojia ya Wabantu, nayo ikachapishwa katika gazeti la Ubelgiji, La Revue Congolaise, mwaka 1910 na 1911. Miaka 35 ilipita kabla Padre Placide Tempels hajatoa kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu, mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Basi, aliyetangulia ni mwana wa nchi mwenyewe.

Masomo yake yalikuwa marefu, wala hakuchoka. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, Askofu Roelens alimpa daraja takatifu ya upadre. Akawa padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu, maana katika ufalme wa kale wa Kongo walikuwako wengine. Mwaka 1920 alifuatana na askofu wake hadi Ulaya. Baadaye aliwahudumia watu wake mpaka alipofariki mwaka 1951.

Ndugu mwalimu, mtoto akinyamaza darasani, usiharakishe kusema kwamba hana akili. Watu walisema hivyo juu ya taifa zima, na mseminari mmoja akawajibu kwa kalamu. Mchunguze kwanza mtoto huyo: anapenda nini, anaogopa nini, nyumbani husikia maneno gani. Ukiisha kumjua, ndipo umfundishe.