William F. O'Neil

William Francis O'Neil (1885 - 1960) alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyeanzisha kampuni ya matairi ya General Tire.

Alizaliwa Akron, jimbo la Ohio, mji uliokuja kuwa kitovu cha viwanda vya mpira. Baba yake, Michael, alikuwa na duka kubwa mjini humo. William aliwahi kuuza matairi ya Firestone huko Kansas City. Mwaka 1915 alianzisha kiwanda chake mjini Akron kwa msaada wa baba yake.

Kwa kuwa viwanda vikubwa vilikwisha kushika soko la magari mapya, yeye aliwalenga wenye magari waliohitaji kubadilisha matairi yaliyochakaa. Baadaye kampuni iliingia pia katika redio, roketi na filamu. Mwaka 1955 ilinunua studio ya RKO.

Baada ya kifo chake kampuni iliingia ubia na serikali ya Tanzania, ikajengwa General Tyre ya Arusha. Mwaka 1987 kitengo cha matairi kiliuzwa kwa Continental ya Ujerumani. Kiwanda cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na nchi ikabaki kutegemea matairi kutoka nje.