Ogimura: Bingwa aliyefinyangwa na mazoezi

ICHIRO Ogimura alizaliwa Japani mwaka 1932, akafiwa na babake angali mdogo, akalelewa na mama aliyejitafutia riziki kwa kazi. Hakuanza kucheza tenisi ya meza hadi alipokuwa shule ya sekondari jijini Tokyo, taifa lake likijikwamua kutoka kwa maangamizi ya vita.

Kuchelewa huko alikufidia kwa jasho. Katika ukumbi mdogo mtaani Kichijoji, alirudia pigo lile lile hadi likawa desturi ya mwili. Alikimbia na kuruka kichurachura, kwani mkono hauna la kufanya iwapo miguu imechelewa kuufikia mpira.

Mwaka 1954, jijini London, alitawazwa bingwa wa dunia. Alirudia ushindi huo Tokyo mwaka 1956, na hatimaye akajikusanyia mataji 12 ya dunia.

Hakuwa mchoyo wa ujuzi. Mwaka 1959 aliwafunza vijana wa Uswidi, ambao wengi wao waliona mazoezi yake makali kupita kiasi. Hans Alser alivumilia, na mwaka 1962 akawa bingwa wa Ulaya. Uswidi ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu mwaka 1973.

Akiwa rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo tangu 1987, Ogimura aliziunganisha Korea mbili katika timu moja mwaka 1991 mjini Chiba, na wanawake wake wakaibwaga China katika fainali.

Alifariki Desemba 1994. Mchumia juani, hulia kivulini.